Milimita 14 za Ukucha

Kazi yangu ni kupima. Kwa miaka mingi nimekuwa fundi wa maabara katika kiwanda kimoja cha shaba nje kidogo ya Lubumbashi, ambako tunasaga mawe ya madini, tunayayeyusha kwa asidi na kutafuta kiasi cha shaba na kobalti kilichomo. Jambo la kwanza analofundishwa kila anayeingia humo ni kwamba sampuli iliyochukuliwa vibaya huharibu hesabu yote, hata kama mashine ni mpya. Nalitaja mapema kwa sababu nilipougua kucha za miguu nililisahau kabisa fundisho hilo, nikajitibu kwa zaidi ya mwaka mmoja bila kupima chochote.

Ugonjwa ulianza katika mvua za mwishoni mwa 2021. Niliona doa la manjano kwenye ncha ya ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia, nikadhani ni alama ya kiatu. Baada ya miezi kadhaa doa lilikuwa limepanda kuelekea kwenye shina, ukucha umekuwa mnene, unavunjikavunjika, na chini yake kumejaa unga mweupe ulionuka kila nilipoukwangua. Haukuuma, na labda hilo ndilo lililonidanganya, kwa kuwa mtu huahirisha kwa urahisi jambo lisilomuuma. Tena, kwa muda mrefu kabla ya hapo ngozi ya katikati ya vidole vyangu ilikuwa ikibanduka na kuwasha, nami nikiiita jasho tu, kwa sababu sisi sote pale kazini huvaa buti zenye chuma mbele kwa saa 12 na hakuna ambaye miguu yake hutoka humo ikiwa mikavu. Baadaye nilielewa kwamba fangasi wale wale walioishi katikati ya vidole ndio waliopenya chini ya ukucha.

Nilijaribu mengi. Niliuloweka mguu katika siki, nikasugua kitunguu saumu hadi mke wangu akanihamisha kitanda, na jirani mmoja akanishauri nidondoshee maji ya betri, ushauri ambao namshukuru Mungu niliukataa, maana asidi ile naijua kwa jina lake na kwa makovu ya wenzangu. Kisha nilinunua katika soko la mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, ile krimu ya rangi ya maziwa inayosifiwa kuwa inatibu kila kitu cha ngozi. Ndani yake mna dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kwa pamoja. Steroidi ilituliza mwasho ndani ya siku chache, nikafurahi, kumbe ilikuwa ikiudhoofisha ulinzi wa ngozi na kuwapa fangasi nafasi ya kuenea kimyakimya. Ukucha wenyewe haukuhisi lolote, kwa kuwa umetengenezwa kwa keratini ngumu na dawa nyingi za kupaka hazipenyi mpaka pale ugonjwa ulipolala. Muuza dawa mwingine aliniuzia kapsuli moja ya flukonazoli na kuniambia nitapona. Flukonazoli hutumika kweli kwa kucha, ila kwa dozi ya kila wiki inayoendelea miezi sita na zaidi. Kapsuli moja ni kama kumwaga kikombe cha maji katika mto Lubumbashi.

Kilichonigutusha ni mama yangu. Tunaishi naye nyumbani Katuba na ana ugonjwa wa kisukari. Jumapili moja nilimkuta ameketi uani akikata kucha zake kwa kikata kucha changu, na nilipoinama kumsaidia nikaona kwamba ukucha wake mmoja ulikuwa na manjano ile ile. Kwa mwenye kisukari, ukucha mnene unaoichimba nyama au ufa mdogo kati ya vidole unaweza kuwa mlango wa bakteria, na kidonda cha mguu kwa mgonjwa wa namna hiyo hakiponi kirahisi. Wiki hiyo hiyo tulikwenda sote wawili kwa daktari wa ngozi.

Daktari alizungumza nasi kwa Kiswahili chenye Kifaransa kingi, akatamka kwamba huenda ni mikozi. Mama alisikia mikosi. Akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Papa, nani ametutupia mikosi?" Daktari alicheka, akamweleza taratibu kwamba hilo ni jina tu la ugonjwa wa kuvu, yaani fangasi, na kwamba hakuna mtu aliyetutupia kitu, ingawa naamini mama alibaki na shaka yake kidogo.

Nilitarajia ataandika dawa palepale. Hakufanya hivyo. Alisema karibu nusu ya kucha nene na zilizoharibika si za fangasi kabisa, bali ni za kubanwa na kiatu, za ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi, au za jeraha la zamani, na kumpa mtu vidonge vya miezi mitatu kwa kukisia si uganga. Aliuliza pia kama niliwahi kuona mstari mweusi unaopanuka chini ya ukucha mmoja, hasa ukivuka hadi kwenye ngozi ya pembeni. Watu weusi wengi wana mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa bila ubaya wowote, lakini mstari mmoja unaokua unahitaji kuchunguzwa haraka, kwa sababu saratani ya melanoma kwa watu wa rangi yetu hupenda kujificha nyayoni, viganjani na chini ya kucha. Akamtaja Bob Marley, ambaye mwaka 1977 aligunduliwa kuwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole cha mguu na akafariki mwaka 1981. Mimi niliyekua nikimsikiliza redioni sikuwahi kujua kwamba ilianzia hapo.

Sampuli ya kwanza haikuonyesha kitu. Hapo ndipo nilipoaibika kitaaluma, kwa sababu nilikuwa bado najipaka ile krimu hadi usiku wa kuamkia kipimo, na kipande kilichochukuliwa kilikuwa cha ncha ya ukucha, mahali ambapo fangasi wengi wamekwisha kufa. Ni sawa na kuokota jiwe juu ya lundo lililonyeshewa mvua na kudai umejua kiasi cha shaba kilicho chini. Daktari aliniagiza niache kila dawa kwa wiki kadhaa, kisha akaukata ukucha hadi karibu na mpaka wa sehemu nzima na kukwangua unga wa huko ndani. Waliutia matone ya hidroksidi ya potasiamu, kemikali ninayoishika karibu kila wiki kazini, ambayo hulainisha na kuyeyusha keratini na kuziacha nyuzi za kuvu zikionekana chini ya hadubini. Nikaruhusiwa kutazama. Zilikuwa nyuzi nyembamba zenye matawi, zimepita katikati ya vipande vya ukucha kama njia za wachimbaji. Daktari alisema kwamba anayesababisha kucha za namna hii mara nyingi kuliko wote duniani ni kuvu aitwaye Trichophyton rubrum, na kwamba dawa anayokusudia kunipa humuua yeye na jamaa zake.

Dawa hiyo ni terbinafini, kidonge kimoja cha miligramu 250 kila siku kwa wiki 12 kwa kucha za miguu. Za mikono huhitaji wiki sita tu. Kabla ya kuanza alipima vimeng'enya vya ini na sukari ya damu, na akaagiza ini lipimwe tena katikati ya tiba, kwa kuwa dawa hii, ingawa wengi huivumilia vizuri, mara chache inaweza kuliumiza ini. Niliambiwa niache kuimeza na kurudi mara moja endapo macho yatakuwa ya manjano, mkojo ukawa mweusi, au nikachoka na kukosa hamu ya kula bila sababu. Aliuliza kama natumia dawa ya kifua kikuu, maana rifampisini huharakisha terbinafini kutoka mwilini, na aliuliza kuhusu pombe na dawa za mitishamba bila kuzungukazunguka.

Kuhusu pombe nilijibu kweli. Kwa hiyo kwa miezi mitatu niliketi na marafiki mbele ya chupa zao za bia ya Simba nikinywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, wa siku hiyo hiyo, ambao haujachacha, nikivumilia kuitwa mchungaji. Vidonge 84 sikuweza kuvinunua mara moja. Nilivinunua karatasi moja moja katika farmasi ile ile, nikiangalia kila mara jina la dawa, kipimo na tarehe ya mwisho, kwani kukatiza tiba katikati kwa kukosa pesa kungenigharimu zaidi. Wiki ya kwanza tumbo lilinisumbua kidogo, kisha likatulia. Wapo wanaopotewa na ladha ya chakula kwa dawa hii. Mimi bukari na sombe viliendelea kuwa vitamu.

Siku nilipomeza kidonge cha kwanza, mwezi wa tano mwaka 2023, nilichukua rula. Ukucha wangu wote ulikuwa na urefu wa milimita 19. Sehemu safi iliyo karibu na shina ilikuwa milimita 5, na milimita 14 zilizobaki zilikuwa mbovu. Nilichora kwa tupa alama ndogo kwenye mpaka, nikaanza kuandika katika daftari kila mwisho wa mwezi. Katika mambo yote niliyoyafanya, hilo ndilo lililoniokoa, kwa sababu lilinifundisha kitu ambacho macho hayakionyeshi: ukucha ulioharibika haugeuki kuwa mzuri. Dawa inapita katika damu, inaingia katika ukucha mpya unaozaliwa shinani, nao huusukuma ule wa zamani mbele hadi ukatwe. Ukucha wa kidole gumba cha mguu hukua takriban milimita moja na nusu kwa mwezi, na kwa wengine chini ya hapo, ndiyo maana kuuondoa wote huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu.

Wiki 12 zilipokwisha, sehemu safi ilikuwa milimita 8. Yaani vidonge vimekwisha na zaidi ya nusu ya ukucha bado ni mbaya. Mke wangu aliutazama na kusema pesa zimeliwa. Mimi mwenyewe, pamoja na daftari langu, nilirudi kwa daktari nikitaka dozi nyingine, na sikufurahi aliponinyima. Alieleza kwamba terbinafini hubaki ndani ya ukucha kwa miezi mingi baada ya kidonge cha mwisho na kuendelea kufanya kazi, hivyo swali halikuwa kama ukucha ni mzuri, swali lilikuwa kama mpaka unasonga. Mpaka ulikuwa unasonga. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo huo ulifika milimita 13, na alama niliyoichora kwa tupa ilikuwa imesafiri nao. Kipande cha mwisho chenye manjano nilikikata mwezi wa sita mwaka 2024.

Katika miezi hiyo ya kungoja nilihangaika na viatu kuliko na mguu. Buti za zamani nilizitupa. Niliomba jozi mbili kazini ili kila moja ipumzike siku nzima, nikinyunyizia unga wa dawa ya fangasi ndani, na katikati ya vidole nilipaka krimu isiyo na steroidi mpaka wiki mbili baada ya ngozi kupona. Wakati wa kiangazi jua lilinisaidia kukausha. Mvua zilipoanza nilijaza magazeti ndani ya buti kila jioni na kuyatoa asubuhi yakiwa yamelowa. Soksi tulizifua kwa maji ya moto sana. Bafuni kila mtu ana kandambili zake, na kila mtu ana kikata kucha chake, nami siwaiti tena wale vijana wa kukata kucha wanaopita mitaani wakigonganisha chupa za rangi ya kucha, kwa sababu mkasi wao mmoja umekwisha kuonja miguu ya mtaa mzima kabla ya kufika kwangu.

Mama hakupewa vidonge. Anakunywa dawa nyingi tayari, na ugonjwa wake ulikuwa umekula chini ya nusu ya ukucha bila kufika shinani, kwa hiyo daktari alimpa krimu ya yurea ya asilimia 40 ya kuulainisha, na amorolfini ya asilimia 5, dawa ya fangasi ambayo hupakwa mara moja kwa wiki kama rangi ya kucha baada ya kukwangua kwa tupa. Kila Jumamosi jioni mimi ndiye ninayemkwangulia, kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri na sitaki ajikate. Ukucha wake hutembea polepole kuliko wangu, lakini mpaka wake nao unasonga, na miguu yote miwili hukaguliwa siku hiyo hiyo kwa taa.

Umebaki ukucha mmoja ambao hesabu zangu zilikosea. Ule wa kidole kidogo cha mguu wa kulia, ambao niliuweka katika orodha moja na wa kidole gumba tangu mwanzo, haukubadilika hata milimita moja, nikaupeleka upimwe nikiamini kuvu wamerudi. Sampuli ilichukuliwa ndani kabisa, mara mbili, na hakukuonekana uzi wowote. Daktari aliomba aione buti yangu, akaingiza mkono, akaupapasa ukingo wa chuma mahali kidole kidogo kinapokaa. Siku hizi navaa namba moja zaidi, na ukucha ule bado ni mnene.