Sauti kwanza, picha baadaye: nilivyopanga simu na mzazi aliye mbali

Mzee akijibu "ndiyo, ndiyo, sawa" mfululizo kwenye simu, mara nyingi hajasikia. Amechoka kuuliza "unasemaje?" na anaona bora akubali yaishe. Kwa hiyo mimi huacha maswali ya ndiyo na hapana. Siulizi "Mama, umekunywa dawa?" Nauliza "Mama, vidonge vimebaki vingapi?" Jibu likija "ndiyo", najua shida ni sauti, si kumbukumbu wala ukaidi, na nashughulikia sauti kwanza kabla ya habari nyingine yoyote.

Wengi wanaopanga mawasiliano na mzazi aliye mbali hukimbilia simu ya video. Mimi nimeiweka nyuma. Uso unaoganda kwenye kioo huku maneno yakikatika huwachosha wote wawili. Maneno yanayosikika vizuri bila uso yanatosha kwa siku nyingi.

Simu ya kawaida kwa mfumo wa zamani hubeba sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 tu (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti: namba ikipanda, sauti ni nyembamba zaidi). Hapo unamtambua mtu na kuelewa mengi anayosema, lakini sauti kama s, f na th zina nguvu yake kubwa juu ya kiwango hicho. Sikio la uzeeni nalo hupoteza sauti nyembamba kabla ya nzito. Mzee anakatwa mara mbili basi: laini imekata, sikio limekata. Kinachomfikia vizuri ni irabu. Sasa chukua "saa sita" na "saa tisa". Irabu ni zilezile, konsonanti ni zilezile zilizobadilishana nafasi. Kama unaelekeza saa ya dawa au unataja namba ya simu, huo ni mtego.

Dawa yake ni kutosema saa ikiwa peke yake. Nasema "saa sita, jua la utosini" na "saa tisa alasiri". Kwenye namba ya simu nasema "sita, ile baada ya tano" na "tisa, ile kabla ya kumi", nikitaja tarakimu tatu tatu na kumwomba azirudie kabla sijaendelea. Kupiga kelele hakusaidii. Ukipaza sauti unakuza irabu, ambazo tayari zilikuwa zinasikika, huku maikrofoni ikizidiwa na sauti ikianza kukwaruza. Kinachosaidia ni kupunguza kasi, kutoimeza silabi ya mwisho, na kutaja mada kabla ya habari yenyewe: "Mama, nazungumzia ile barua ya bima," kisha nanyamaza kidogo, kisha habari. Akijua mnazungumzia nini, akili yake itajaza mwenyewe konsonanti zilizopotea.

Baada ya hapo ndipo natafuta njia yenye sauti pana. Simu zinazopita kwenye 4G kwa mfumo wa VoLTE, yaani simu ya kawaida inayopigwa juu ya mtandao wa 4G wenyewe, kwa kawaida hubeba sauti kuanzia hezi 50 hadi 7,000, yaani takriban mara mbili ya mfumo wa zamani, na hapo s na f zinarudi. Sharti ni kwamba simu zote mbili ziwe na uwezo huo, mitandao yote miwili iukubali, na uwe umewashwa kwenye mipangilio ya laini. Upande mmoja ukishuka kwenye mtandao wa zamani, mara nyingi wote mnarudi kwenye sauti finyu. Simu za intaneti kama za WhatsApp nazo hutumia mifumo ya sauti pana. Mmoja unaotumika sana ni Opus, uliowekwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2012. Ila sauti hiyo pana inategemea intaneti iliyotulia, na isipotulia, laini ya kawaida ndiyo inayoshinda.

Usibahatishe ipi inawafaa. Siku moja mpigie kwa njia zote mbili, msomee maneno yanayofanana, fua, vua, zua, jua, chua, pua, tua, na umwombe ayarudie moja moja. Njia anayokosea mara chache ndiyo njia yenu. Jaribio hili linachukua dakika chache na linamaliza ubishi mwingi, hasa na ndugu wanaoamini kwamba simu mpya ndiyo jibu la kila kitu.

Wakati mwingine simu ni nzima kabisa ila matundu ya spika ya sikioni yameziba vumbi na jasho. Ndugu aliye karibu ayasugue taratibu kwa mswaki laini mkavu, simu ikiwa imeinamishwa ili uchafu uanguke nje. Sindano hapana, inatoboa wavu wa ndani. Maikrofoni kuu kwa kawaida iko ukingo wa chini, kando ya tundu la chaja, na mtu anayeshika simu kwa kiganja kizima anaiziba bila kujua. Kava nene la kubahatisha, ambalo tundu lake halikukaa sawa, hufanya hivyohivyo. Anayevaa kifaa cha kusikia nyuma ya sikio aelekeze spika ya simu juu kidogo, kilipo kinasa sauti cha kifaa, si kwenye tundu la sikio. Kikipiga mluzi, aisogeze simu mbali kidogo.

Kuna kanuni moja ya mwangwi ambayo wengi huielewa kinyume. Ukisikia sauti yako mwenyewe ikikurudia, kosa kwa kawaida haliko kwako. Spika ya mwenzako iko juu mno na maikrofoni yake inakunasa upya. Mwombe apunguze sauti ya spika au atumie visikilizio vya waya. Sauti ikiwa kama ya roboti, hiyo ni habari nyingine: vipande vya data vinapotea njiani, na mara nyingi ni suala la mtandao. Wai-fai ya masafa ya gigahezi 5 ina kasi lakini inachoka ikikutana na kuta, ya 2.4 inapenya vizuri zaidi, ingawa inabanwa na vifaa vingi vinavyotumia masafa hayohayo. Chumbani mbali na kisambazaji, mzee abaki kwenye 2.4.

Halafu kuna ucheleweshaji, ambao kwa maoni yangu umegombanisha watu wengi kuliko maneno yenyewe. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, unapendekeza sauti itumie si zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili, na zikipita 400 mtandao huo hauhesabiwi kuwa mzuri kwa mazungumzo. Katikati ya namba hizo mnasikiana vizuri kabisa, lakini kila mmoja anaanza kusema mwenzake akiwa hajamaliza, kisha wote mnanyamaza, kisha wote mnaanza tena. Mtu anadhani anakatizwa makusudi.

Sisi tuna tabia ya kumsindikiza msemaji kwa "ehe", "enhe", "naam". Ana kwa ana ni adabu. Kwenye laini yenye ucheleweshaji, hizo "ehe" zinafika katikati ya sentensi inayofuata, na kama simu iko kwenye spika, programu inayozuia mwangwi huweza kuibana sauti ya msemaji kwa nukta moja ili kupitisha hiyo "ehe". Neno linamezwa. Kwa hiyo ninapomsikiliza mama kwa spika nanyamaza kimya, jambo ambalo mwanzoni linaonekana kama dharau. Mweleze kabla: "Nikinyamaza ujue nasikiliza." Ukimaliza kusema, funga kwa jina lake au swali, ajue zamu ni yake.

Video ninaitumia kwa kuona vitu kuliko kuona nyuso. Uvimbe mguuni, taa nyekundu kwenye kisambazaji cha wai-fai, mlango usiofunga: hapo kamera ya nyuma ni msaada mkubwa, na kitufe cha kugeuza kamera ndicho cha kwanza kumfundisha. Maandishi madogo ya pakiti ya dawa msisomeane kwa video, kwa sababu picha ya video imebanwa na herufi zinatoka ukungu. Apige picha tuli na kuituma kwa WhatsApp kwa chaguo la HD, yaani ubora wa juu, au kama faili la hati, ambalo haliibani picha kabisa. Kama ni kuonana sura, simu iegemezwe kwenye kitu kizito kwenye usawa wa macho, na dirisha liwe mbele yake, si mgongoni. Mtandao ukiyumba, zima kamera na uendelee kuongea, usikate. Sauti peke yake inahitaji sehemu ndogo tu ya data inayotafunwa na video.

Ujumbe wa sauti ndio uti wa mgongo wa mpango wangu wote. Hauna ucheleweshaji wa kukatizana, anaurudia anavyotaka, na haumlazimishi kuandika. Jambo moja kwa ujumbe mmoja, chini ya dakika. Ukimtumia dakika tano zenye mambo manne, atajibu la mwisho tu, na hata wewe ungefanya hivyo. Mfundishe kwamba akiinua simu sikioni wakati ujumbe unacheza, sauti inahama kutoka spika kubwa kwenda spika ya sikioni. Wazee wengi hudhani simu imezimika hapo. Kwa kurekodi, atelezeshe kidole juu ili kitufe cha kurekodi kijifunge, asilazimike kubana kitufe muda wote, maana kidole kinachotetemeka hukata ujumbe kila mara.

Ukizima tiki za bluu za WhatsApp, alama ya ujumbe wa sauti uliosikilizwa haizimiki. Maikrofoni ndogo hugeuka bluu mtu anapoucheza. Nikituma salamu asubuhi na alama ikageuka, najua ameamka na simu iko mkononi, bila kuchungulia alikuwa mtandaoni saa ngapi. Isipogeuka hadi saa tuliyokubaliana, napiga.

Na hapo kuna tatizo linalotibua watu: napiga, kwake haiiti. Sababu ya kawaida kwenye simu za Android ni kubana betri. Simu inailaza programu isiyotumika, na simu ya WhatsApp haiamki hadi aifungue mwenyewe. Nenda kwenye mipangilio, programu, WhatsApp, betri, uchague isiwekewe kizuizi. Kagua tena baada ya kila sasisho kubwa, kwa kuwa baadhi ya simu hurudisha mpangilio wa zamani kimyakimya. Sababu ya pili ni hali ya Usisumbue. Weka namba za watoto kwenye orodha inayoruhusiwa, na mkubaliane kwamba kupiga mara mbili mfululizo maana yake ni dharura. Simu nyingi zina mpangilio wa kupitisha simu ya pili ya mtu yuleyule. Kwenye Android ni ndani ya dakika 15, kwenye iPhone ni ndani ya dakika 3. Hakikisha umewashwa.

Makundi ya ukoo nayanyamazisha kwenye simu yake, na mazungumzo matatu ya watu wake wa karibu nayabandika juu kabisa. Nazima pia upakuaji wa video wa moja kwa moja, la sivyo hifadhi itajaa na siku moja ujumbe wako wa sauti utagoma kupakuliwa. Alama ya mishale miwili juu ya ujumbe wa WhatsApp uliosambazwa naieleza kwa ufupi: ujumbe huu umepita mikono mingi, hata aliyekutumia hajui aliyeuandika. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo hauwezi kusambazwa zaidi ya gumzo moja kwa wakati, na kizuizi hicho chenyewe ni dokezo.

Wizi wa akaunti ninauzuia kwa mambo mawili. Washa uthibitisho wa hatua mbili na uweke PIN ya tarakimu 6 ambayo ndugu mwingine anaijua pia, maana mzee ataisahau. Pili, msimbo wa tarakimu 6 unaokuja kwa meseji hasomewi mtu yeyote, hata mimi. Nasisitiza hilo la "hata mimi" kwa sababu mwizi atakuja na jina langu na picha yangu, na siku hizi anaweza kuja hata na sauti inayofanana na yangu. Tuna swali letu la nyumbani ambalo jibu lake halijawahi kuandikwa popote. Ombi lolote la fedha lisilojibu swali hilo, anakata simu na kunipigia yeye mwenyewe kwa namba aliyonayo.

Jumbe zake za sauti nazihifadhi. Nakala rudufu za WhatsApp kwenye Android, tangu 2024, zinahesabiwa ndani ya gigabaiti 15 za bure za akaunti ya Google, hivyo zikijaa nakala husimama na usipoangalia hutajua. Zile ninazotaka kubaki nazo nazinakili kwenye kompyuta kama mafaili ya kawaida, na nahakikisha mpangilio wa jumbe zinazojifuta haujawashwa kwenye gumzo letu. Mtu yeyote kati yenu wawili anaweza kuuwasha kwa bahati mbaya.

Karibu na chaja yake kuna karatasi yenye namba kubwa zilizoandikwa kwa kalamu nene: za watoto, ya jirani na ya zahanati. Simu ikizimika au ikipotea, orodha iliyomo ndani imeenda nayo, na atakayeazimwa simu lazima awe na cha kubonyeza. Kwangu pia iko namba ya jirani huyo, na tumekubaliana naye kabla kwamba nikimpigia usiku atagonga mlango wa mama na kumkabidhi simu yake.