Mnada wa sarafu za Tabora: hatimaye ile L ya pili imeonekana

Mnada wangu wa eBay umefungwa jana Jumapili saa mbili usiku kwa saa za hapa Uingereza, na heller 20 ya Tabora (sarafu iliyofuliwa Tabora mwaka 1916, enzi ya Wajerumani) imeondoka kwa pauni 23. Dada yake, yaani sarafu nyingine ya aina ileile na hali ileile, mwezi uliopita aliondoka kwa pauni 3 na peni 60. Bei ya kuanzia ilikuwa ileile peni 99, siku ya kufunga ileile, na maelezo karibu neno kwa neno. Kilichobadilika ni mwanga wa picha tu. Nimekaa na tatizo hili tangu nianze kuuza marudio yangu, yaani sarafu nilizonazo zaidi ya moja, kwenye eBay, na leo nina raha ya kuliandika mpaka mwisho.

Mambo ya kufungua akaunti, kuunganisha benki na kuchagua posta nayaruka, mnayajua. Niseme tu kwamba ninachouza ni vitu vyangu mwenyewe: sarafu za Afrika Mashariki nilizonunua kwa miaka mingi kwenye magulio ya sarafu ya huku, hasa kutoka masanduku ya mabaki ambayo wauzaji huyaweka pembeni ya meza. Ukinunua kwa mafungu hivyo, lazima ubaki na marudio. Na kwa sisi tunaouza vya nyumbani mambo yamekuwa mepesi: tangu Oktoba 2024 eBay ya Uingereza haimkati muuzaji binafsi ada ya mauzo, na tangu Februari 2025 kuna ada ya kumlinda mnunuzi ambayo analipa mnunuzi mwenyewe. Kwa sarafu za bei ndogo hiyo ni nafuu kubwa.

Sasa tatizo lenyewe.

Mwaka 1916 manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani, sarafu kutoka Ujerumani haziingii, na serikali ya Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani, ilikuwa na askari wa kulipa. Karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha pesa. Zikafuliwa heller 5, heller 20, na ile rupia 15 ya dhahabu yenye tembo ambayo wengi wetu tunaishia kuitazama vitabuni. Heller 20 zilitoka kwa shaba nyekundu na kwa shaba njano. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora. Kwa hiyo ni kazi ya haraka, ya vita, na mihuri yake haifanani: zipo zenye taji kubwa na zenye taji dogo, na upande wa pili, kwenye neno HELLER, zipo ambazo ncha za herufi L zimechongoka na zipo ambazo ncha ya L ya pili imejikunja.

Ncha hiyo ni ndogo kuliko kichwa cha pini, na mkusanyaji wa Tabora hutafuta muungano wa vitu vyote vitatu: madini, taji, ncha. Anaweza kuwa na sarafu kadhaa za heller 20 nyumbani na bado akakosa moja tu. Picha yako isipomwonyesha ncha ya L, ama anapita, ama anatoa dau kana kwamba ni ile ya kawaida kabisa.

Na hapa ndipo mnada unapotofautiana na duka. Kwenye eBay mtu huandika kiwango chake cha juu kabisa, mfumo ukampandishia kidogo kidogo. Bei ya mwisho haiamuliwi na yule anayeitaka sana, inaamuliwa na wa pili wake. Mjuzi mmoja akiandika pauni 40 na wengine wote hawajaona L, ataichukua kwa hatua moja tu juu ya yule aliyedhani ni sarafu ya pauni tatu. Ndicho kilichotokea mwezi uliopita. Nilikuwa na wafuatiliaji wengi, na wawili waliniandikia kuomba picha ya karibu ya L. Niliwatumia. Mmoja hakujibu, mwingine alishukuru, akanyamaza, na sekunde za mwisho akatokea na dau lake. Namheshimu, alicheza vizuri. Lakini niliazimia kwamba safari ijayo picha iongee na wote kwa pamoja, siyo kwa aliyeuliza peke yake.

Shida ni kwamba sarafu ni kioo. Uso wake bapa unarudisha mwanga mzima mzima, na herufi zilizoinuka zinarudisha kwa pembe nyingine. Ukiweka taa moja juu, unapata doa jeupe lililomeza nusu ya taji. Ukiizungushia karatasi ya kuokea ili kulainisha mwanga, doa linaondoka, lakini kila kitu kinalala: L, shada la majani, uso bapa, vyote rangi moja, kama chapati isiyopinduliwa. Taa ya mviringo ya kujipigia picha nimeshaifungia kabatini. Inaacha duara lake kwenye metali na mnunuzi anaanza kuuliza kama ile ni mikwaruzo. Taa ya pembeni, chini chini, inainua herufi vizuri, ila kila herufi inalaza kivuli juu ya jirani yake. L ya kwanza ilikuwa inaifunika L ya pili! Nikigeuza sarafu kivuli kinahamia kwenye E. Nilihamisha taa kwa vidole, nyuzi chache chache, usiku kucha, na kila nilipoipata ncha nilipoteza taji.

Kilichovunja ukaidi ni kioo cha fremu ya picha.

Wapiga picha wa sarafu wanaujua mpango huu, lakini kuujua na kuufanya ukakubali ni mambo mawili. Kamera inatazama chini wima. Kati yake na sarafu unasimamisha kioo chembamba kwa pembe ya nyuzi 45. Taa inapiga kutoka ubavuni, usawa wa kioo. Sehemu ya mwanga inagonga kioo na kushuka moja kwa moja juu ya sarafu, kisha inarudi juu kupitia kioo hadi kwenye lenzi. Mwanga unashuka na kupanda kwa njia moja, kwa hiyo vivuli karibu vinakwisha. Uso bapa unang'aa, kingo za herufi zinageuka nyeusi, na herufi inasimama kana kwamba imepigwa wino.

Mara ya kwanza picha ilitoka na ukungu. Sababu: mwanga mwingi hauakisiwi, unapenya kioo, unagonga ukuta mweupe wa jikoni na kurudi hadi kwenye lenzi. Kitambaa cheusi upande wa pili wa kioo, mkabala na taa, kiliumaliza ukungu wote. Kisha kila herufi ikawa na pacha hafifu pembeni yake, kwa kuwa kioo kina nyuso mbili na kila moja inaakisi. Kioo kinene kinawatenganisha mapacha hao. Chembamba kinawaunganisha hadi hawaonekani. Nilijaribu plastiki ya jalada la CD kwa kuwa ni nyembamba, lakini imepinda kidogo na sarafu ikatoka yai. Kioo cha fremu ndogo ya bei rahisi ndicho kilichokaa sawa. Mama Salma aliniuliza, "Baba Salma, picha ya Bibi mbona imekaa wazi?" Nimeshamnunulia fremu nyingine.

Jambo la mwisho, na ndilo gumu kuliko yote: sarafu lazima ilale sambamba kabisa na lenzi. Ikiinama hata kidogo, mwanga unarudi kando na nusu ya sarafu inazima. Na sarafu za Tabora hazikufuliwa bapa sawasawa, nyingine ni nene upande mmoja. Mbinu niliyoikuta inafanya kazi ni hii: weka kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa sarafu, angalia kwenye skrini, sogeza kamera mpaka lenzi ijione katikati yake yenyewe. Hapo kamera iko wima. Ondoa kioo, weka sarafu juu ya donge dogo la plastisini (udongo laini wa kuchezea watoto), ibonyeze pembeni hapa na pale mpaka uso wote uwake kwa pamoja. Inapowaka unajua papo hapo. Niliiona ncha ya L ya pili imejikunja kama ndoana, taji limekamilika juu ya D.O.A. (kifupi cha Deutsch-Ostafrika) upande wa pili, na herufi T, alama ya Tabora, chini ya mwaka iko wazi. Nilimwita binti yangu aje aone.

Kuhusu vifaa, nina msimamo wangu. Simu ya kisasa inatosha, ila lazima utumie hali ya kupanga mwenyewe na uzime ujanja wake wote. Simu ikiachiwa inanoa kingo hadi herufi zinaota mpaka mweupe, na inapaka shaba njano rangi ya machungwa. Kwa Tabora hiyo ni hatari, kwa sababu tofauti ya shaba nyekundu na njano ndiyo mnunuzi anayolipia. Nawasha taa moja tu ya LED, nazima balbu ya darini, na naweka kipande cha karatasi nyeupe kwenye picha ya kwanza ili kupima weupe. Kamera yangu ya zamani yenye lenzi ya makro, ya kupiga vitu vidogo, bado inaishinda simu, hasa kwa sababu inakaa mbali na kuacha nafasi ya kioo. Skana ya mezani ni nzuri kwa noti. Kwa sarafu inaua kila kitu kilichoinuka. Mizani ya kusoma sehemu ya mia ya gramu ni lazima, andika uzito kwenye maelezo. Na tafadhali, msisafishe sarafu. Siki na dawa ya meno zimeua Tabora nyingi kuliko vita.

Kichwa cha tangazo kwenye eBay kina nafasi ya herufi 80 na nimezitumia zote: mwaka, T, Tabora, Deutsch-Ostafrika, German East Africa, madini, taji, na ncha ya L. Wanunuzi wa sarafu hizi ni Wajerumani na Waingereza, kila mmoja anatafuta kwa lugha yake. Jana dakika ya mwisho dau lilikuwa pauni 11. Likaruka hadi 16, likatulia, na sekunde za mwisho kabisa likafika 23. Wawili waliiona ile L. Nilichokuwa nakihitaji ni wawili tu.

Mpango ulikuwa kuendelea wiki hii na heller 5, kisha sarafu za pesa za Zanzibar za Sayyid Barghash, zile zenye picha ya mizani za mwaka 1299 wa Hijria. Nimeziweka kando. Nikipanga kopo nimekutana na fungu la senti kumi za shaba zenye tundu, na kati yake zipo za 1936 zenye jina la Edward VIII. Huyu alikuwa mfalme kuanzia Januari hadi Desemba mwaka huo akajiuzulu, na sarafu zenye sura yake kwao Uingereza hazikuwahi kutolewa kwa matumizi. Zetu ziliwahi kutoka kwa kuwa zina tundu katikati, hazihitaji sura, jina linatosha. Si adimu, moja moja haileti dau la maana. Lakini tatu pamoja, George V, Edward VIII na George VI, senti kumi ya kila mfalme, hiyo ni seti ambayo hata asiyekusanya Afrika Mashariki atasimama kuitazama. Nina zenye herufi H na KN pia, alama za viwanda vilivyozifua, za kuchanganya.

Tundu limeleta kazi mpya. Mwanga unapitia katikati, unagonga meza na kurudi kama jicho jeupe linalovuta macho yote. Kwa sasa nimeiinua sarafu juu ya kifuniko cha chupa, kitambaa cheusi kiko chini mbali kidogo, nje ya fokasi, na tundu limekuwa jeusi safi. Plastisini haishiki vizuri kwenye mdomo wa kifuniko, inateleza. Kesho nitajaribu pete ya mpira wa bomba.