Kukipandisha kimo kitalu nyumba cha bustanini Uingereza

Wengi wetu tunaoishi Uingereza, tukitamani kula bamia na mchicha tulizolima wenyewe, huishia kununua kitalu nyumba cha alumini cha futi 6 kwa 8, kwa kuwa bustani za huku ni finyu. Kibanda cha namna hiyo aghalabu hakifiki mita 2 kwenye mgongo wa paa, na upenuni huwa chini zaidi, hivyo mtu mzima husimama wima katikati tu, na nyanya za kupanda kamba hugusa vioo kabla msimu haujakolea. Ndugu zangu, kiinueni tangu kwenye msingi, kabla boliti ya kwanza haijakazwa, kwa sababu vioo vikishapachikwa kazi hiyo inakuwa ni kubomoa na kuanza upya.

Tofali la kawaida la huku lina kimo cha milimita 65, na likilalia saruji ya milimita 10 kila kozi, yaani mstari mmoja wa tofali, huongeza milimita 75. Kozi 3 zinakupa karibu sentimita 22 na nusu, na faida hiyo huonekana hasa upenuni, kule ambako mimea hubanwa. Asiyejua kujenga atumie boriti mpya za bustani, wala asishawishike na mataruma chakavu ya reli, maana yamelowekwa kreosoti, dawa ya kuzuia mbao kuoza, ambayo huunguza mimea. Pima maji iwekwe kila upande, kisha upime kutoka kona hadi kona hadi vipimo viwili vilingane, kwani fremu ikipinda hata kidogo mlango hukwama na vioo hupasuka.

Kimo hicho utakipata tu ukiiacha sakafu ya ndani palepale ilipokuwa. Ukijaza udongo hadi juu ya tofali, umepoteza kazi yote. Kwa kuwa mlango nao unapanda, weka kidato kipana nje na ndani, hasa kama nyumbani kuna mzee. Wapo wanaopendelea kuchimba njia ya katikati, lakini kwenye udongo wa mfinyanzi njia hiyo hujaa maji majira ya baridi, kwa hiyo mimi nashikilia tofali.

Fremu ifungwe kwenye ukuta kwa boliti ndefu, kwani kibanda kirefu hukamata upepo zaidi. Kwa England, kikiwa ndani ya mita 2 kutoka mpakani mwa jirani, kwa kawaida kisizidi mita 2.5 bila kibali cha halmashauri, kipimo ambacho kozi 3 hazikivuki.