Mwalimu wa judo anayeanza na kuanguka

Mwalimu mzuri wa judo utamjua kabla hajamtupa mtu. Mtazame anavyowafundisha wageni kuanguka: kwanza wakiwa wamelala chali, kisha wamechuchumaa, mwisho ndiyo wamesimama. Kidevu kibanwe kifuani ili kisogo kisigonge mkeka. Mkono mzima upige chini, kiganja kikitazama mkeka, nyuzi 30 hadi 45 kutoka ubavuni. Ukipanda juu zaidi, bega linaumia. Na anayejizuia kwa kuegemea kiganja nyuma ndiye anayevunjika kifundo cha mkono au kiwiko. Pumzi itolewe wakati wa kutua.

Jicho lake jingine liko kwa anayetupa, na hapo ndipo ninapowaheshimu sana walimu hawa. Katika mbinu ya kutupa iitwayo o-soto-gari, unapofagia mguu wa mwenzako kwa nyuma, usiachie mkono wa koti lake. Uvute juu kidogo hadi atue, mgongo na ubavu vipokee uzito. Wengi huachia mapema, na mwenzao hutangulia kisogo. Mwalimu makini hairuhusu mbinu hiyo kwa mtu ambaye bado shingo yake inalegea, hata akibembelezwa vipi.

Jigoro Kano, mwasisi wa judo aliyeanzisha shule yake ya Kodokan jijini Tokyo mwaka 1882, alisisitiza kufaidishana, yaani wewe na mwenzako mnufaike pamoja.

Ukitaka kumshukuru mwalimu wa namna hiyo, kata kucha, wahi kutandika mikeka, lipa ada kwa wakati, na mwenzako akikugonga mara mbili kuashiria amekubali kushindwa, mwachie papo hapo.