Karatasi mbili za siku moja

Mtihani wa hisabati ulianza saa 2 asubuhi. Nilikuwa darasa la sita. Chakula cha jioni tulikuwa tumekula mapema, mnamo saa 1, na asubuhi nikatoka bila kutia chochote mdomoni. Si kwamba chakula hakikuwepo. Kwetu kulikuwa na haraka tu, na kifungua kinywa kilisubiri mwisho wa wiki.

Swali la kwanza nililisoma, nikafika mwisho nimeshasahau mwanzo wake. Nikarudia. Tarakimu nilikuwa naziona vizuri, ila hazikai kichwani. Hesabu za sehemu zinataka ushike namba mbili tatu akilini huku ukitafuta nyingine, na hapo ndipo nilipokwama. Vidole vilikuwa baridi. Tumbo, ajabu, lilishaacha kunguruma.

Mwalimu msimamizi alinyamaza hadi kengele ilipolia saa 4. Akikusanya karatasi akaniuliza, "Umekula nini leo?"

"Sijala, mwalimu."

"Na jana ulikula saa ngapi?"

Nilipomwambia, akahesabu kwa vidole: saa 15. Akanigawia nusu ya chakula chake. Rafiki yangu aliponinyooshea peremende, mwalimu akamzuia. Ukila hiyo peke yake, akasema, utachangamka kidogo kisha ulegee katikati ya karatasi ya pili.

Ukubwani ndipo nilipojua kwamba ubongo wa mtu mzima, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wake, hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili. Wa mtoto hula sehemu kubwa zaidi, ilhali akiba ya sukari kwenye ini lake ni ndogo, na usiku kucha inachotwa.

Karatasi ya pili ilikuwa ya lugha. Sikugeuka bingwa, nisiyoyasomea yalibaki magumu vilevile. Lakini aya nikiisoma, inakaa.

Matokeo yalipotoka, baba alisema mtoto huyu ni wa lugha, hisabati aachane nayo. Mwalimu akamjibu, kwa adabu, "Mzee, hiyo karatasi aliiandika na njaa." Baba akanyamaza. Mama ndiye aliyepanga upya mambo: kifungua kinywa kikawa kinaandaliwa usiku, asubuhi tunabaki na kazi ya kula.

Muhula uliofuata alama zangu za hisabati zilipanda. Nisidanganye, muhula huo nilifanya mazoezi mengi pia, kwa hiyo chakula siwezi kukipa sifa zote.