Siku moja maishani mwangu: asubuhi wakala wa pesa Mbagala, mchana developa wa blokcheni

Wadogo zangu wa mtaani wananiuliza kila siku hii kazi ya kompyuta nimeipatia wapi wakati wananijua toka zamani nipo dirishani natoa na kuweka hela za watu. Ni kweli sijasoma kompyuta, form six nilimaliza na HKL, yani Historia, Kiswahili na Kiingereza, na toka 2016 mi ni wakala hapa Mbagala. Nimeona niandike Jumanne yangu yote ilivyokwenda, saa kwa saa, mtu ajionee mwenyewe.

Saa 11 alfajiri

Adhana ikilia nshaamka, bando langu la usiku linaisha saa 12 kwa hiyo hili saa moja nalithamini sana. Kompyuta ni ya mtumba, niliinunua Kariakoo, ina RAM ya GB 4 tu, ukifungua vitu vingi inaganda, ila nimeizoea na yenyewe imenizoea.

Jana usiku nililala nimeacha testi 3 nyekundu, yani majaribio ya kuipima programu, nyekundu ni imefeli na kijani ni imepita. Tunatengeneza smati kontrakti ya kikoba, yani sheria zote za kikoba, nani kachanga, nani anadai, faida inagawanywaje, zimeandikwa kama programu na zinakaa kwenye mtandao wa Ethereum ambako hakuna mhasibu wa kuzibadilisha usiku. Wenye kikoba ni Waafrika Mashariki wanaoishi Ujerumani na Uholanzi, wanachanga kwa USDC, ile dola ya kidijitali. Sisi tunaoandika tupo wanne, mmoja Berlin, mmoja Nairobi, mmoja Kigali na mimi.

Testi inasema mwanachama aliyechanga dola 120 kati ya 900 amepata gawio sifuri. Sifuri kabisa, wakati faida ipo dola 65. Nimeisoma ile fanksheni, yani kipande cha programu kinachogawa faida, mara nne sijaona kosa, bando likakata, nikaenda kuoga.

Saa 1 asubuhi

Nafungua kibanda. Cha kwanza nahesabu keshi na floti, yani hela iliyo kwenye laini za simu, naandika kwenye daftari: tarehe, salio la kila laini, noti ngapi za elfu kumi, ngapi za elfu tano. Kila muamala nao mstari wake, saa, jina, namba ya muamala, kiasi, sahihi.

Hapa nataka nieleze vizuri maana ndo penyewe. Watu wanadhani ili uielewe blokcheni lazima uanze na hesabu ngumu. Mi nilipoanza kusoma 2022 nilihangaika miezi miwili na maelezo ya Kiingereza sielewi kitu, mpaka siku moja nimekaa hapahapa naangalia daftari langu nikasema kumbe hili ndilo. Mistari inafuatana, ukurasa wa leo unaanza na salio la jana, ukitaka kughushi muamala wa Jumatatu itabidi ubadilishe na Jumanne na Jumatano mpaka leo. Sasa chukulia daftari hilohilo lina nakala kwa maelfu ya watu dunia nzima na kila sekunde 12 wote wanakubaliana ukurasa mpya. Hiyo ndo Ethereum. Kwa Bitcoin ukurasa unachukua kama dakika 10. Toka siku hiyo nikawa nikikutana na neno geni naliandika kwenye daftari la shule kwa maneno ya kibandani, na nikawa naelewa.

Saa 3 asubuhi

Foleni. Mama mmoja tunayemheshimu sana mtaani, anauza vitumbua, kafika dirishani na laki tatu kaifunga kwenye pindo la kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nitumie hii kwa namba hii hapa."

Nikamuuliza ni namba ya nani, akasema ya kijana wa bitcoin, baada ya wiki inarudi laki sita. Nikaweka kalamu chini. Nikamwambia mama, Bitcoin ipo toka Januari 2009 na nimesoma inavyofanya kazi, hakuna mahali popote ndani yake palipoandikwa ukiweka laki tatu upewe laki sita. Kilichoandikwa ni kwamba hazitazidi milioni 21, na kwamba ukishamtumia mtu huwezi kuirudisha, mpaka huyo mtu aamue mwenyewe kukurudishia.

"Mbona kanionyesha picha za waliolipwa?"

"Picha hata mimi nakutengenezea sa hivi mama, tukiwa tumesimama hapa."

Alinyamaza kidogo, wa nyuma yake washaanza kulalamika. Akasema ngoja akaongee na binti yake kwanza, akafunga pindo lake akaondoka. Hii kitu inaniuma mno, kwa sababu wanaotumia jina la hii teknolojia kuwaibia mama zetu wamefika mitaani kabla yetu sisi tunaoijenga, na matokeo yake nikisema nafanya kazi ya blokcheni kuna watu wananitazama kama tapeli. BoT, benki kuu yetu, ilitoa tahadhari kuhusu hizi sarafu za kidijitali mwaka 2019, na 2021 Rais Samia akaitaka benki kuu ijiandae nazo, kwa hiyo mi kila anayeniuliza namwambia wazi kwamba siuzi sarafu na sichukui hela ya mtu kumwekezea, naandika programu nalipwa.

Saa 6 mchana

Dada yangu anakuja kupokea kibanda. Tunahesabu wote, anasaini, nasaini. Wali maharage kwa mama ntilie, naondoka.

Saa 7 mpaka saa 11 jioni

Chumbani, feni inazunguka, huu ndo muda wenyewe wa kazi. Nimerudi kwenye ile sifuri, na safari hii nikaifanya kwa mkono kwenye karatasi kama anavyofanya mhasibu. Fanksheni ilikuwa inagawanya kwanza, mchango kwa jumla, alafu ndo inazidisha na faida. 120 gawanya kwa 900. Solidity, lugha tunayotumia, haina desimali, ikigawanya inakata inabaki namba nzima tu, kwa hiyo 120 kwa 900 kwake ni 0, na 0 ukizidisha na faida yoyote ni 0. Ukigeuza ukazidisha kwanza, 120 mara 65 ni 7,800, gawanya kwa 900 unapata 8 na mabaki. Na kwa kuwa dola 1 ya USDC ndani ya mtandao inahesabiwa kama vipande milioni 1, haupotezi hata hizo sehemu za dola, mwanachama anapata 8.666666. Nimehamisha alama mbili tu kwenye mstari mmoja. Testi 2 zikawa kijani.

Ya tatu ikagoma. Ilikuwa ni ya kufunga mzunguko, pale wote wakishachukua chao kontrakti inatakiwa iwe tupu ndo mzunguko mpya uanze. Haikuwa tupu, ilikuwa na vipande 5. Wanachama wapo 9, kila mmoja amekatwa kasehemu kadogo ambako hakafiki kipande kimoja, ukijumlisha ndo hivyo vimebaki. Thamani yake hata senti moja haifiki lakini kontrakti inasema sio sifuri kwa hiyo haifungi, na hela za mzunguko unaofuata haziingii. Yani kikoba kizima kingesimama kwa ajili ya vipande 5, na kwenye mtandao halisi programu ukishaipandisha huendi kuifuta na raba, labda uwe uliiandaa toka mwanzo iweze kubadilishwa.

Nimekaa nikakumbuka kikoba cha mama yangu. Siku ya kuvunja wakishagawana huwa kuna vichenji vinabaki mezani havigawanyiki, na sijawahi kuona wakigombana, mhasibu anasema hizi zinaenda mfuko wa jamii, ule wa misiba na wagonjwa, basi imeisha. Nikaandika hivyohivyo, mabaki yoyote yanaingia mfuko wa jamii alafu ndo mzunguko unafungwa. Mistari 4.

Kabla sijapumzika nikapitia fanksheni ya kutoa hela, hii huwa naipitia kila siku hata kama haijaguswa. Nina sababu. 2018 nilipoteza 180,000 pale dirishani, vijana wawili wamekuja na haraka, wa kwanza nimempa keshi yake sijaandika, mwenzie kashika dirisha ananisemesha, wa kwanza akadai hajapewa nikaangalia daftari kweli hakuna mstari, nikampa tena. Toka hapo kanuni yangu ni kuhakiki salio, kuandika, alafu ndo mkono unaenda kwenye droo.

Sasa miaka minne baadaye nasoma habari ya The DAO, ule mfuko mkubwa wa Ethereum uliovamiwa Juni 2016, zikatoka etha, sarafu ya Ethereum, kama milioni 3.6, nikabaki nimeshika kichwa. Kontrakti yao ilikuwa inatuma hela kwanza ndo inapunguza salio. Mvamizi akaandika kontrakti yake ambayo ikipokea tu hela inaomba tena palepale, kabla salio halijapunguzwa, na kontrakti ikiangalia daftari inaona bado anadai, inampa tena, na tena. Ni vilevile kama wale vijana wa dirishani. Ilibidi Julai mwaka huo mtandao wenyewe ugawanyike ili hela zirudi kwa wenyewe, na upande uliokataa kubadilisha daftari ndo leo unaitwa Ethereum Classic. Wataalamu wanafundisha kwamba uhakiki, ubadilishe kumbukumbu zako, mwisho ndo utume hela kwa mtu wa nje. Nilipoisoma sikuhitaji kuikariri.

Saa 12 jioni

Simu ya video na wenzangu, dakika 40. Nimeeleza kosa la kugawanya, nikaeleza na vipande 5. Mwenzetu wa Berlin alikuwa anapendekeza mabaki apewe mwanachama wa mwisho kutoa, ndo njia fupi. Nikamwambia kwenye kikoba hiyo itazua maneno, watu watakuwa wanangojeana nani awe wa mwisho, sio kwa ajili ya hela, kwa ajili ya kuonekana kuna mtu anapendelewa. Dada wa Kigali akasema hata kwao ni hivyohivyo. Ikapita ya mfuko wa jamii. Mi ndo sina digrii ya kompyuta kwenye hiyo simu, na hakuna aliyeuliza.

Saa 2 usiku

Dada kafunga kibanda kaleta daftari. Tumehesabu imekaa sawa. Akaniambia yule mama wa vitumbua alirudi jioni, kaweka laki tatu yake kwenye laini yake mwenyewe. Nimefurahi kuliko testi zote za leo.

Saa 3 usiku

Vijana wawili wa jirani wanakuja kujifunza, mmoja fundi rangi mwingine anasubiri chuo. Nawapitisha nilikopita mimi: CryptoZombies kwanza, masomo ya mtandaoni kwa njia ya mchezo, maana ni bure na inakushika mkono, alafu Remix, sehemu ya kuandikia kontrakti, ambayo inafunguka kwenye brauza bila kusakinisha chochote, alafu masomo ya bure ya Cyfrin Updraft, mwisho michezo ya Ethernaut ambapo unapewa kontrakti yenye kasoro uivunje mwenyewe. Katikati ya hapo nawaambia wasome kontrakti za OpenZeppelin, zile zilizokwisha andikwa ambazo madevelopa wengi wanazitumia, mstari kwa mstari, hata kama ukurasa mmoja utawachukua wiki, mi ulinichukua wiki mbili. Na siwafichi muda: nimeanza 2022, malipo yangu ya kwanza, dola 150 kwa kuandika testi za mtu, niliyapata baada ya mwaka na miezi minne. Katikati hapo kulikuwa na mgao wa umeme, kuna wiki nilikuwa nasomea kwenye karatasi kwa mwanga wa simu.

Fundi rangi leo ameandika kontrakti yake ya kwanza ya kuweka na kutoa. Nimemuuliza, hapa umetuma kwanza au umeandika kwanza? Kaangalia muda mrefu, kakata mstari kauhamishia juu.

Saa 5 usiku

Bando la usiku limeanza. Napandisha kontrakti ya kikoba kwenye Sepolia, huu ni mtandao wa majaribio, etha zake hazina thamani na unazichota bure kwenye tovuti wanazoziita mabomba. Nimesubiri sekunde kama 12, muamala umeingia. Nimejifanya wanachama 9 mmoja baada ya mwingine, nikachanga, nikagawa faida, nikatoa. Mfuko wa jamii: 5. Mzunguko: umefungwa.

Nimetuma picha kwenye grupu, wa Nairobi alikuwa bado macho, kajibu fiti, kesho tuanze upande wa mikopo. Luku inasoma yuniti 2, nimezima kompyuta nikalala.