Ukucha wa Ami

Mwaka 2011 nilikuwa naunda ndege ya rimoti, mfano wa Dakota ya zamani, barazani kwetu, Kuze, Mombasa. Kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya pili ilikuwa karibu mita 2.9, moja ya kumi ya ndege yenyewe, na wageni waliokuja kumuona mama walipita kwa ubavu. Kiunzi kilikuwa cha balsa na plaiwudi nyembamba, juu yake faibaglasi. Umbo lilikaa sawa, ila mwili ulikuwa laini kama yai, na Dakota si yai. Ni mabati, kipande juu ya kipande, yaliyoshikwa kwa ribiti, vile vipini vya kuungia mabati, ambazo vichwa vyake vinaonekana kwa macho.

Basi nikanunua utepe wa alumini, ule ambao mafundi wa friji hufungia maungio ya mabomba. Kwa fundi cherehani nikaazima kile kigurudumu chenye meno cha kuhamishia alama za patani kwenye kitambaa. Nilikata kipande kwa wembe, nikakilaza kifudifudi juu ya leso iliyokunjwa mara nne, nikapitisha kigurudumu kwa rula upande wa karatasi. Ukikigeuza, unakuta mstari wa vichwa vidogo vilivyotuna, kila kimoja milimita tatu kutoka kwa mwenziwe. Siwezi kueleza furaha ya kukigeuza kile cha kwanza. Nilikipeleka jikoni mama akione.

Kubandika ndiko kulikokuwa na kazi. Ukikandamiza kwa kidole gumba, vichwa vinalala na havirudi tena. Nikajifunza kushika kingo kwanza, halafu kusukuma hewa kwa pamba, polepole, nikivizunguka vichwa. Na kabla ya hapo lazima faibaglasi ifutwe kwa spiriti, kwani jasho la mkono wa Mombasa likibaki chini ya utepe, gundi haishiki na kona huinuka. Kwa wiki tatu nilianzia puani nikirudi nyuma, hadi nikapita mlango wa mizigo.

Jirani yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Ami, aliwahi kuwa fundi wa ndege uwanja wa Port Reitz enzi za East African Airways, kabla shirika hilo halijavunjika 1977. Dakota alizijua kwa mikono. Jioni moja, akitoka kuswali alasiri, alisimama barazani, akavua kofia, akaitazama ndege muda mrefu bila neno. Kisha akaweka ukucha wa kidole cha shahada puani, akauburura kuelekea mkiani. Tk. Tk. Tk. Kwenye kila kiungo ulinasa.

"Mwanangu, huu ukucha ni upepo," akasema. "Upepo watoka wapi?"

"Mbele, Ami."

"Na paa la nyumba yenu liliezekwa kuanzia wapi?"

Nikanyamaza. Paa huanziwa chini, ukingoni, bati la juu likapanda juu ya la chini, maji yapite yasiingie. Ndege nayo, bati la mbele ndilo hupanda juu ya la nyuma, upepo usipate mdomo wa kuingilia. Mimi nilikuwa nimebandika kinyume mwili mzima.

"Anzia mkiani," akasema. "Hebu nipa wembe."

Akanikalia kitako mkekani, tukabandua pamoja hadi magharibi. Utepe ulitoka na vipande vya rangi ya chini, na mimi nililia kidogo nilipokwenda kuwasha taa.

Nilianza upya mkiani. Kwa vile uzito wa nyuma ndio unaoharibu mizani ya ndege, kila Ijumaa niliitegemeza kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, na mkia ukishuka naongeza chubwi puani, zile risasi za wavuvi. Miezi miwili ilipita hivyo. Mara ya pili mkono ulikuwa umeshazoea, na mistari ya ribiti ilinyooka kushinda ile ya mwanzo.

Nilipomaliza nilimwita Ami. Akavua kofia vile vile, akaweka ukucha puani. Ukateleza. Kioo cha rubani, madirisha, mzizi wa bawa, kimya. Nyuma ya mlango wa mizigo ukanasa, tk, mara moja. Palikuwa na kipande kimoja cha zamani ambacho niliona kimekaa vizuri mno, nikakiacha.

Ami hakusema kitu. Nikaingia ndani kutafuta wembe.